Siku Kumi na Nne Bila Kero

Jumatatu, 1 Julai 2024

Miezi kumi na minne na siku tatu tangu nitoke Sikonge. Mgongo unauma. Leo ni siku ya kwanza kati ya kumi na nne.

Apolonia alipiga simu asubuhi nikiwa kwenye foleni ya uji. Harusi ya Anna imepangwa. Jumamosi tarehe 20, kanisani, saa nne. Anna ndiye mtoto wetu wa kwanza. Mke wangu akasema nisipofika, mdogo wangu Fransis ndiye atakayemwingiza bibi harusi kanisani. Suti keshanunua. Nikauliza rangi gani. Akasema rangi ya maziwa. Hamu ya uji ikaisha.

Kwa nini nisipande basi tu? Naandika ili nijieleweshe mwenyewe. Vibarua tunaishi humu humu ndani ya Utulivu, mji mpya uliojengwa mbele ya Bunju. Mwenye mji ni Bwana Kamugisha. Tunamwita Mlezi. Alisoma mbali, akarudi na wazo la mji usio na ugomvi. Hapa hakuna adhabu. Imeandikwa getini kwa herufi kubwa. Ukikosea hupigwi, husemwi. Unakosa tu. Mwezi uliopita nilikosa chai siku mbili, lakini haikuwa adhabu.

Kila mtu amebandika utepe kifuani. Mweupe ni wa anayejifunza. Kijani ni wa aliyemaliza siku kumi na nne bila kero hata moja. Mwenye kijani analala kwao akitaka, anasafiri, anarudi. Mwenye mweupe naye anaweza kwenda. Mlezi anasisitiza sana hapo. Hakuna anayemzuia, geti halina kufuli. Nimeliangalia, kweli halina. Ila mwenye mweupe akienda, miezi yake yote inafutwa. Na anayetimiza miezi ishirini na minne anapewa nyumba safu ya chini. Chumba na sebule, bati jekundu. Mimi nina kumi na minne.

Miezi yote hiyo kumi na minne nimevaa mweupe. Sababu ni Marijani.

Marijani ni mlinzi wa geti, Mzaramo wa Kawe. Mimi ni Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu enzi za babu zetu, na kila mtu anajua watani wanavyoongea. Siku niliyofika na begi kichwani, hata sijasalimia, akaniambia mpagazi umechelewa, mzigo wangu unakusubiri tangu misafara ya Bagamoyo. Nikamjibu kwamba babu yake ndiye aliyeuza shamba hili akanunua ngoma, sasa mjukuu analinda geti la shamba lake mwenyewe. Watu wakacheka. Sekela akaandika.

Sekela ni Mratibu wa Tabia. Binti wa Kinyakyusa, mpole, kishikwambi hakimtoki mkononi. Nilimweleza kuwa ule ni utani. Akasema utani anaujua, hata kwao upo, lakini kwenye fomu hakuna kisanduku cha utani. Kuna kisanduku cha Maneno Makali na kisanduku cha Mengineyo. Nikaomba aniweke Mengineyo. Akaniweka. Mengineyo nayo ni kero.

Kinachoniudhi: Marijani ana kijani tangu mwaka jana. Kila Ijumaa analala Kawe kwa mama yake. Ananitukana kunizidi, lakini yeye amekaa getini, anamwona Sekela akija kutoka mbali, anabadilisha maneno. Mimi nimeinama napanga matofali ya njia. Sekela namwona akishafika, viatu kwanza.

Hesabu yangu ni hii. Nikimaliza Jumapili tarehe 14, Jumatatu napewa kijani, Jumatano napanda basi. Mpango ni mmoja. Marijani simjibu kitu.

Jumatano, 3 Julai

Siku ya tatu. Mpango unakwenda vizuri.

Asubuhi Marijani aliniuliza kama kwetu Sikonge watu wameshaanza kuvaa viatu au bado mnasubiri kikao. Nikamwambia, "Amani, mwenzangu." Ndiyo salamu ya hapa. Shikamoo haitumiki kwa sababu wote tuko sawa. Vijana wa miaka ishirini wananiita mwenzangu, na mimi nina mvi.

Marijani akanisogelea. Akasema pengine sikusikia. Akarudia, akaongeza na la mama mkwe wangu. Nikarudia amani.

Mchana akaja mwenyewe mpaka kwenye njia ninayoijenga. Njia za Utulivu zote zimepinda makusudi. Mlezi anasema mtu akitembea njia iliyopinda hasira inaisha kabla hajafika. Kwa hiyo Marijani alizunguka bwawa, akazunguka ukumbi, akafika anahema. Amebeba kifurushi cha vitumbua. Mama yake, Bi Mwanabaraka, amenitumia. Na salamu kaniletea kama zilivyo: mpe mpagazi wangu, ale ashibe, asije akafa kabla hajanibebea jeneza langu.

Bibi huyo nimemtembelea mara mbili tangu nifike, siku wafanyakazi walipopelekwa Kawe kutembea. Ana ulimi kuliko mwanawe. Jibu nilikuwa nalo, zuri. Nililimeza. Kula vitumbua vya mtani bila kumjibu siwezi, ningepasuka. Nikavirudisha.

Marijani alinitazama kama mtu aliyeona nyoka amevaa kofia. Akaondoka na vitumbua vyake kwa njia ile ile ndefu.

Ijumaa, 5 Julai

Nimeharibikiwa.

Marijani alikwenda ofisini kunishitaki. Hapana, si kunishitaki. Alikwenda kuomba nipelekwe zahanati. Alimwambia Sekela kwamba Mnyamwezi wake hajamtukana siku nne, tena amekataa vitumbua, basi ama anaumwa ama amerogwa, na watu waanze kuchangishana mapema maana kwao ni mbali.

Sekela akaja. Akaniuliza najisikiaje. Nikasema vizuri. Akaniuliza kwa nini siongei na mwenzangu. Nikasema naogopa Maneno Makali. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika Kujitenga. Nikamuuliza kama Kujitenga ni kero. Akasema ni kero ndogo.

Kwa hiyo nikiongea ni kero, nikinyamaza ni kero. Niliuliza kuna kisanduku gani katikati. Akasema ni swali zuri, atalipeleka juu.

Kero ndogo inafutika kwa tendo jema lenye shahidi, kabla ya kesho saa kumi. Isipofutika naanza upya, na tarehe 20 itanikuta hapa nikipanga matofali. Fransis atakuwa anatembea katikati ya kanisa kama kopo la maziwa.

Natafuta tendo jema. Mchana nilisimama saa nzima karibu na ngazi za ukumbi nikisubiri mtu ateleze. Hapa watu hawatelezi. Ngazi nilizijenga mwenyewe.

Jumamosi, 6 Julai

Imebidi nimwendee Marijani. Nilimweleza yote. Harusi, suti, utepe, siku kumi na nne. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Yeye usiku mzima alikuwa anafikiria amenikosea nini. Halafu akasema hakujua kama Wanyamwezi nao wanaoa, alifikiri mnaokotana njiani na mizigo. Sekela hakuwepo. Nilijisikia vizuri kidogo.

Tukapanga. Yeye atajifanya ameteguka mguu wa kushoto pale kwenye bustani ya mzunguko. Mimi nitambeba mgongoni mpaka zahanati, nipite mbele ya ofisi. Tendo jema, shahidi Sekela.

Sikufikiria mambo mawili. La kwanza, Marijani ni mtu mzito. La pili ni njia. Kutoka bustanini hadi zahanati, mtu akikatiza majani, unaweza kurusha jiwe likafika. Lakini kukanyaga majani ni kero. Kwa hiyo nilimzungusha bwawa, nikamzungusha ukumbi, nikazunguka na kisima cha mapambo ambacho hakina maji. Njia zote hizo nilizipinda mwenyewe, kwa mikono hii.

Mpaka ukumbini alinyamaza, anaugulia vizuri kabisa. Kisha nafikiri utamu ulimzidi. Akaanza kuuliza, "Mpagazi, Bagamoyo bado?" Watu wakatoka barazani. Akawapungia mkono. Akanipiga kichwani vidole viwili, polepole, kama anajaribu ngoma. Akasema kwa sauti kwamba mnyama huyu ni mzuri, hapandi bei, anakula mlenda tu. Watoto wa wakazi wakajipanga nyuma yetu.

Sekela akatoka. Akamuuliza Marijani ameumia wapi. Akaonyesha mguu wa kulia. Nikamfinya. Akaonyesha na wa kushoto.

Sekela alitutazama muda. Nikaona anaandika. Nikafikiri kwisha habari yangu. Akanisomea: amembeba mwenzake umbali mrefu bila kutamka neno baya. Kero imefutwa.

Sikuwa na pumzi ya kutamka neno lolote.

Marijani amefungwa bandeji miguu yote miwili na amepewa mapumziko ya siku mbili na uji wa maziwa. Mimi nilirudi kwenye matofali.

Jumanne, 9 Julai

Siku ya tisa. Marijani na mimi tunatukanana asubuhi tu, kabla ofisi haijafunguliwa. Inatosha.

Leo nimepewa kazi ya kupanda michongoma kwenye majani nyuma ya ukumbi. Watu wamekatiza pale mpaka pamekuwa njia, nyembamba, iliyonyooka kama uzi. Hakuna anayekiri. Mimi naijua vizuri njia hiyo, nyayo nyingi ni zangu.

Mlezi alipita akasimama. Anaongea taratibu, mikono nyuma. Akaniuliza jina, akaniuliza ningekuwa huru kabisa leo ningefanya nini. Nikasema ningekwenda Sikonge kwenye harusi ya binti yangu. Akasema lakini uko huru, mwenzangu, geti lile halina kufuli. Nikasema najua, ila nasubiri kijani. Akatabasamu. Akasema umeona? Hakuna anayekulazimisha, umechagua mwenyewe kusubiri.

Sikuelewa, lakini nilifurahi kwa kuwa yeye alifurahi. Mtu mzuri yule. Ametengeneza mji ambao hata mbwa hawabweki. Hatuna mbwa.

Apolonia kapiga simu. Fransis ameanza mazoezi. Anatembea na Anna uani kwenda na kurudi, mtu anawapigia makofi kuhesabu hatua. Nikamwambia amwambie Fransis apumzishe miguu. Akauliza naja lini. Nikasema Jumatano ijayo nipo njiani. Akasema hata Krismasi ulikuwa njiani.

Jumamosi, 13 Julai

Siku ya kumi na tatu. Bi Mwanabaraka amefariki alfajiri. Marijani alikuwa kwake, ilikuwa Ijumaa yake ya kulala nyumbani. Anasema mama aliamka kuswali, akakaa chini, basi.

Mlezi alitoa gari twende Kawe. Akaja na yeye, na Sekela.

Naandika nilivyofanya, vyote.

Kwenye gari nilipanga. Leo na kesho tu zimebaki. Nitakaa nyuma ya turubai na wanaume wa jikoni, nitamshika Marijani mkono, nitazika, nitarudi. Mtani atatafutwa mwingine. Dar nzima hii, Wanyamwezi watakosekana?

Walikosekana. Wakazi wa mtaa ule siku hizi wametoka kila mahali, mtani hakuna. Watu wamekaa kimya kwenye mikeka. Msiba wa Kizaramo bila mtani ni kitu kibaya kukitazama. Watu wanalia tu, hakuna wa kuwapumzisha. Shangazi mmoja, Bi Tunu, akasimama akauliza kwa sauti, "Huyu dada yetu tunamzika mkavu hivi hivi? Mnyamwezi hata mmoja hayupo?"

Marijani alinitazama. Anajua mimi ni nani na anajua leo ni siku ya ngapi. Akageuza uso upande mwingine. Akamwambia shangazi yake hayupo, shangazi, acha tu.

Jeneza likatoka.

Nilikumbuka vile vitumbua. Sijui nilitokaje nyuma ya turubai. Nakumbuka nilichukua kanga kwenye kamba, nikajifunga kichwani kama alivyokuwa akifunga yeye, nikaenda kulala chali katikati ya njia, mbele ya jeneza. Wabebaji wakasimama.

Nikaanza. Nikaongea kwa sauti yake, ya puani, ya kuamrisha. Nikasema mnanipeleka wapi na sijamaliza kumsema jirani? Nikasema huyu bibi anakimbia deni la vitumbua, mrudisheni ndani tumkague. Nikasema Wazaramo nyie hata kaburi mnachimba mmekaa, naona jembe lina mto wa kukalia. Nikasema aliahidi nitabeba jeneza lake, kumbe alijua ni zito kwa maneno. Mengine siandiki. Watu waliangua kicheko. Bi Tunu alicheka ameshika ukuta. Marijani alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikawa kilio, akalia vizuri sasa, kama mtu anavyotakiwa kumlilia mama yake.

Mtani haondoki njiani bure. Lazima apewe kitu. Wakanipa jogoo. Nikamkataa. Wakaongeza sufuria. Nikakataa. Nilikuwa bado nimelala chali, na Marijani ameniinamia kunibembeleza. Ndipo nikakiona kile kijani kifuani kwake, kinaning'inia karibu kabisa na pua yangu.

Naandika ukweli. Nililala pale kwa ajili ya bibi. Lakini nilipokiona sikuweza kukiacha.

Nikasema nataka huo utepe.

Akatazama kifua chake. Akatazama jeneza. Akafungua pini akanibandika mwenyewe, akasema haya mpagazi, umelipwa, inuka ubebe.

Nikainuka, nikabeba. Bega la mbele kulia, mpaka makaburini. Hakuwa mzito.

Nilipogeuka nikamwona Sekela amesimama kando ya turubai, mtandio kichwani, kishikwambi amekibana kwapani. Nikasema amani, mwenzangu. Akasema, "Shikamoo, mzee Kornelio."

Sikujua nijibu nini. Baadaye nikakumbuka, marahaba.

Jumatatu, 15 Julai

Tuliitwa ofisini, mimi na Marijani. Badala ya siku kumi na nne safi, nina kero kumi na moja za siku moja. Sekela alizisoma zote, macho chini. Alisahau ile ya jembe lenye mto. Nilimkumbusha. Kumi na mbili.

Akafika kwenye utepe. Hapo alikwama. Kama niliuiba, mwenye mali hakulalamika. Kama nilipewa, hakuna mahali panaposema mtu anaweza kutoa tabia yake. Akamuuliza Marijani kama amekasirika. Marijani akasema mtani hakasirikiwi. Akamuuliza, hata kidogo? Akasema hata kidogo, dada, ukikasirika unavunja utani. Sekela akatafuta kisanduku. Akamwita Mlezi.

Mlezi alizungusha kalamu muda mrefu. Akasema alikuwepo Kawe, aliona. Akasema tangu afungue mji huu hajaona watu wamekoseana vile na wakabaki wamependana vile, na jambo hilo linampa shida kidogo. Kisha akatoa uamuzi. Utepe ni tabia. Ninaouvaa ni tabia ya Marijani. Basi nitasafiri na tabia ya Marijani, na miezi yangu kumi na minne haifutwi. Nikiiharibu huko, itaandikwa kwake. Na Marijani atavaa mweupe wangu mpaka nitakaporudi.

Nilitaka kumshukuru. Marijani akauliza swali moja. Kisomo cha mama yake ni Ijumaa tarehe 2 Agosti, nyumbani Kawe. Akiwa na mweupe ataendaje?

Mlezi akasema ataenda kwa hiari yake, geti halina kufuli. Ila miezi yake itafutwa. Marijani ana miezi ishirini na miwili.

Sekela akasema polepole kwamba mzee Kornelio akirudi Alhamisi tarehe 1, atamrudishia utepe, na Ijumaa Marijani ataenda kwenye kisomo bila tatizo. Wote wakanitazama. Nikasema tarehe 1 nitakuwa hapa, kabla ya chai.

Nje, Marijani akaniambia nikachukue mahari nyingi, na ya kwake aipate. Nikamuuliza kama ana wasiwasi. Akasema Mnyamwezi akipewa mzigo hufikisha, mengine yote hamwamini.

Jumatano, 17 Julai

Naandika kwenye basi. Nimekaa dirishani.

Asubuhi getini Marijani alikuwa kazini na utepe wangu mweupe. Umemkaa vibaya. Akaniambia nisimame. Akanivua mkanda wa suruali. Mkanda wangu wa pekee, wa ngozi, wa harusi. Akauvaa juu ya wake. Akasema hiyo ni dhamana, nitaupata tarehe 1. Ni haki yake.

Nikashuka Manzese kutafuta mkanda mwingine. Nilikuwa na fedha ya kitu kimoja. Njiani nikapita duka la vitambaa, nikaona kile kijani chenyewe, kile kile, na cheupe pembeni yake. Nikafikiri muda mrefu nimeshika suruali.

Nimenunua kitambaa.

Jumapili, 21 Julai

Sikonge. Nyumbani.

Jana nilimwingiza binti yangu kanisani. Mkono wa kulia Anna, mkono wa kushoto suruali. Fransis alikuwa mlangoni tayari, ameng'aa. Aliponiona alisogea pembeni, akaninong'oneza, "Kaka, suruali." Nikamwambia najua. Anna akanibana mkono akasema baba usicheke, nitalia. Tulifika mbele. Hakuna aliyetupigia makofi ya kuhesabu hatua.

Kwenye sherehe Fransis akaniuliza ule utepe kifuani ni zawadi ya maonyesho ya mifugo au. Mezani wakacheka. Jibu lilikuwa mdomoni, kuhusu suti. Nikageuka kumtafuta Sekela. Sekela yuko Bunju. Hata hivyo nikasema, "Amani, mwenzangu." Apolonia akaniwekea mkono kwenye paji la uso akauliza kama ninaumwa.

Nimeona tatizo la nyumba hii. Hakuna utaratibu. Watu wanaongea wanavyotaka, wanakatiza uwanja, kuku wanaingia. Leo asubuhi nimekata kitambaa, nimetoa tepe tisa nyeupe na moja ya kijani. Nimewakusanya. Nimewaeleza kwamba hakuna adhabu, ni kukosa tu. Apolonia amekataa kubandikwa, nimeandika Mengineyo. Fransis amekubali, kwa sababu nimesema wa kwanza kupata kijani atachukua baiskeli yangu. Ameshaanza kuniita mwenzangu. Inapendeza.

Kuna jambo dogo la tarehe. Fransis anaanza kesho. Siku zake kumi na nne zinaisha Jumapili tarehe 4 Agosti, na mtu huwezi kumwacha njiani, ataharibika. Tena hakuna mwingine hapa anayejua visanduku.

Nilisema tarehe 1, kabla ya kisomo. Nimefikiria. Narudi Alhamisi tarehe 8 Agosti, kabla ya chai. Marijani ni mtani. Hawezi kukasirika.